Mistari Saba ya Mlimani

Kazi yote ya Binti Koki ilikuwa ndani ya faili moja. Si faili la karatasi lenye vumbi na kamba. Lilikuwa faili la kompyuta, maandishi matupu, mistari mia nne na kitu, meupe juu ya weusi, bila picha wala madoido. Kila mstari ulikuwa amri moja kwa mitambo ya maji ya mji: pampu isukume kwa presha hii, vali ile ifunguke, subiri dakika kumi, funga. Mitaa kumi na minne ilipangwa humo, mmoja chini ya mwingine, kila mtaa na fungu lake, na juu ya kila fungu kichwa cha herufi kubwa kikitaja mtaa wenyewe. Kichwa kilikuwa cha macho ya binadamu tu, kompyuta ilikiruka.

Asiyejua angedhani faili kama hilo unaliendesha lote kwa mpigo, kisha unakwenda zako kunywa chai. Thubutu! Pampu zilikuwa mbili, na moja ilikuwa mgonjwa wa kudumu. Ukiwafungulia watu wote kwa pamoja, hakuna atakayepata hata tone la kunawia. Kwa hiyo kazi ilikuwa kuchagua. Binti Koki aliliweka faili wazi kwenye programu ya kuandikia, akashika kipanya, akaburuta kutoka kichwa cha mtaa mpaka mstari wake wa mwisho. Mistari ile ikageuka bluu. Akabonyeza vitufe viwili, na kompyuta ikatekeleza ile ya bluu peke yake. Iliyobaki ilikaa kimya kama haijaandikwa. Akimaliza mtaa huu alihamia mwingine, saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tisa alasiri. Mji mzima uliosha vyombo na kupika kwa kadiri ya bluu yake.

Alikuwa na somo moja tu, na kila aliyewahi kumshikia zamu alilisikia mpaka likamchosha. "Mstari wa kwanza wa kila fungu ni wa presha. Usiuache nje. Mtambo hauna akili, unakumbuka ulichouambia mwisho basi. Ukitoka mtaa wa presha tisa ukauchagua mtaa wa presha nne bila mstari wake wa kwanza, itakwenda tisa ileile. Na hapo msinitafute."

Jina la Koki lilikuwa la baba yake. Mzee yule alitembea na spana ya chuma ndefu kama mguu wake, akifungua na kufunga vali za mji kwa mkono kwa miaka thelathini na moja. Kila mtu alimjua. Akipita mtaani siku ya kufungua, aliitwa shemeji na watu ambao hakuwahi kuoa kwao. Akipita siku ya kufunga, alitukanwa yeye na ukoo wake, na wakati mmoja alimwagiwa maji machafu kutoka dirishani, jambo alilolicheka miaka mingi: "Wanalia maji hawana, halafu wananimwagia!" Vali zilipofungwa mota, alipigiwa makofi ukumbini, akapewa saa ya ukutani, akarudi nyumbani. Binti yake, aliyekuwa mchapaji wa barua hapohapo idarani, akapelekwa kozi ya miezi minne na kuwekwa mbele ya skrini. Spana ilining'inizwa nyuma ya mlango wa jikoni. Mzee alikufa mwaka wa pili wa kustaafu kwake, na nadhani alikufa kwa kukosa mtu wa kumtukana.

Nyumba aliyoiacha ilikuwa mlimani, juu kabisa, ngazi mia moja na tatu kutoka barabarani. Humo aliishi Binti Koki na mama yake. Mume alikuwepo kitambo, akala kona, na sina haja ya kumpotezea wino.

Sasa nifike penye uchungu. Miaka mitatu kabla ya haya ninayoyasimulia, chini ya mlima kulijengwa mtaa wa nyumba kubwa kubwa zenye bustani mbele na nyuma. Mtaa Mpya, ndivyo ulivyoitwa. Bomba lake lilikuwa jipya, pana, la kuhimili presha tisa, na wenyewe hawakupenda kusubiri zamu. Asubuhi moja Mhandisi Mkuu aliingia chumba cha mitambo, akavuta kiti, akakaa karibu na Binti Koki kama mtu anayekuja kuposa.

"Dada yangu, fungu la Mlimani tuliruke kidogo. Kwa sasa."

"Kwa sasa mpaka lini, bosi?"

"Mpaka hali itengemae. Muda wao wape Mtaa Mpya."

"Basi naomba barua."

Mhandisi alicheka, tena kwa upole. Alikuwa mtu mpole sana, hilo lazima nimpe. Hakuwahi kumpandishia mtu sauti. "Barua ya nini? Nimesema ufute kitu? Mistari iache palepale. Wewe usiichague tu."

Ndiyo hiyo. Usiichague tu. Hakuna aliyefunga maji, hakuna amri iliyoandikwa, hakuna kilichofutwa. Mtu akiuliza, faili lilikuwa na Mlimani ndani yake kama mitaa mingine. Wakaguzi walipotangaza ziara, mwezi wa tano tangu siku ile, Mhandisi alikuja tena na upole wake. Fungu la Mlimani lilikuwa la zamani mno, lilibaki bila kichwa tangu faili lilipoandikwa. Akataka liwekewe kichwa cha kupendeza macho: MLIMANI, HUDUMA YA KAWAIDA. Wakaguzi walishakuwa ukumbini wanapewa soda. Binti Koki aliandika uongo ule haraka haraka, kwa hasira, na katika haraka hiyo akakiweka kichwa mstari mmoja chini ya pale kilipostahili. Mstari wa presha ukabaki juu ya kichwa, umetengwa na wenzake, kana kwamba ni mkia wa mtaa uliotangulia. Hakuuona. Wakaguzi walisoma kichwa, wakatikisa vichwa vyao kukubali, wakaondoka.

Kwa nini hakukataa? Nimejiuliza sana, na jibu lake halina heshima: aliogopa. Alikuwa na miaka arobaini na tatu, alijua faili moja tu duniani, na aliona jinsi baba yake alivyosindikizwa kwa makofi. Akamezea. Kila siku alichagua Mtaa Mpya, akauendesha, kisha akashuka na kipanya chake kupita mistari ya nyumbani kwao, akauchagua mtaa unaofuata. Wiki ya kwanza alikuwa akifumba macho anapopita pale. Mwaka wa pili alipita huku anakula karanga.

Mama yake hakujua. Mama alijua binti yake "anachapa chapa huko ofisini, mambo ya kompyuta." Hakuambiwa zaidi, na katika miaka yote ile Binti Koki alishukuru kwamba mama hakuwa mtu wa kudadisi. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na nne, mfupi, mbishi, mwenye goti lililomsaliti upande wa kushoto. Uani alikuwa na bomba lililofungwa na marehemu mumewe kwa mikono yake, na bomba hilo aliliacha wazi mchana na usiku, ndoo chini yake, yasije maji yakaja yakamkuta amelala. Miaka mitatu koki imefunguliwa mpaka mwisho na ndoo imekaa chini inasubiri. Ndoo ya kwanza ilipasuka kwa jua. Akaweka ya pili.

"Angekuwepo baba yako," alisema kila jioni, huku akipangusa vumbi ndani ya ndoo, "yangekuja. Baba yako hakuwa mtu wa kusahau watu."

"Ndiyo, mama."

"Hao wa siku hizi wanakaa tu. Hata njia ya kuja huku hawaijui."

"Ndiyo, mama."

Alfajiri kabla ya kazi Binti Koki alishuka ngazi na madumu mawili mpaka kisima cha bondeni, akapanda nayo, akayaweka jikoni, akamkataza mama asithubutu kushuka. Akishatoka tu, mama alishuka.

Na saa tatu kamili kila siku ya kazi, mama alipiga simu idara ya maji. Hakupiga kwa binti yake, asije akamtia aibu kazini. Alipiga namba ya malalamiko kama raia yeyote. Simu ile ilikuwa chumba kilekile, meza ya nyuma, na aliyeipokea aliitwa Dada wa Simu, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kubembeleza hata mwizi. Dada wa Simu alishamzoea. Alimwita Bibi wa Saa Tatu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mimi naulizia yale maji yetu ya mlimani."

"Tatizo linashughulikiwa, bibi."

"Haya mwanangu. Na wewe umeamkaje?"

Sauti ile nyembamba ilivuja kwenye mkono wa simu ikafika mpaka mbele, na Binti Koki aliyekuwa amempa mgongo alisikia kila neno. Hakuwahi kugeuka. Hakuwahi kusema yule ni mama yangu. Kuna wakati Dada wa Simu alikata simu akasema, "Bibi huyu ananiua moyo, jamani," na Binti Koki akasema, "Wazee ndivyo walivyo," akaendelea kuchagua.

Mwezi wa pili baada ya miaka mitatu kutimia, siku ya Jumanne, saa tatu simu haikuita. Saa nne ikaita ya mfukoni mwa Binti Koki. Jirani. Mama ameanguka ngazi ya sitini na kitu, pale bomba kuu linapokata kona, dumu limemtangulia mpaka chini na yeye akalifuata ngazi kumi na mbili. Alivunjika mkono wa kulia na nyonga ikapata ufa. Hospitali walimwekea plasta, wakasema asishike kitu kizito miezi mitatu na ngazi azisahau kabisa. Mama aliposikia hilo la ngazi aligeuza uso ukutani. Halafu akamwambia binti yake jambo ambalo lingemkata maini mtu yeyote:

"Mimi sitaki mengi, mwanangu. Nataka nilione lile bomba la baba yako likitoa maji tena, mara moja tu, kabla sijaenda. Nikilifumbia macho likiwa kavu, nitamwambia nini huko?"

Majirani walimpandisha mama nyumbani kwa machela, na Binti Koki hakulala vizuri wiki ile. Na alipopiga moyo konde, hakupiga kwa ushujaa. Alipiga kwa sababu aibu ilizidi woga, basi.

Alingoja Alhamisi. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya Mlimani enzi za baba yake, na Alhamisi ile Mhandisi Mkuu alikuwa na mkutano nje ya mji. Saa nne na nusu asubuhi alimaliza fungu la Mtaa Mpya. Mtambo ulikuwa bado kwenye presha tisa, unanguruma. Badala ya kuruka, aliteremsha kipanya taratibu mpaka kwenye herufi kubwa: MLIMANI, HUDUMA YA KAWAIDA. Miaka kumi na saba mkono wake ulijua kuanzia kwenye kichwa. Akaanzia kwenye kichwa. Akaburuta. Vali kuu ya mlima, vali ya kwanza, subiri, vali ya pili, vali ya tatu, subiri, funga. Mistari saba ikageuka bluu, na akaiona mizuri. Machozi yalimlengalenga. Aliyekuwa akipita pale kila siku anakula karanga, leo alisoma kila mstari kama barua kutoka kwa ndugu, bila kuangalia mstari mmoja uliokuwa juu ya kichwa.

Nyuma yake Dada wa Simu alikuwa ameinua macho. Aliona bluu ilipo. Alikuwa amejibu simu za mlima miaka mitatu, hakuhitaji kuelezwa.

"Mimi miwani yangu ni ya mbao," alisema polepole. "Sijaona kitu."

Binti Koki akabonyeza vitufe viwili.

Dakika ya nne simu ya malalamiko ikalia. Dada wa Simu alipoipokea tu, akaibonyeza isikike chumba kizima, kwa furaha ya kumpa mwenzake zawadi.

"Yamekuja!" Ilikuwa sauti ya mama. Nyuma yake kulikuwa na vigelegele, milango inagongwa, watoto wanapiga makelele, na chini ya yote hayo kishindo cha maji ndani ya ndoo. "Mwanangu, yamekuja! Kwanza upepo umetoka, fyuuu, nikadhani nyoka! Halafu mekundu, halafu meupe! Sikiliza!" Akaisogeza simu bombani. Walisikiliza.

"Hongera bibi!" Dada wa Simu alikuwa anapangusa macho.

"Mwambieni huyo aliyefungua, yeyote yule, mwambieni bibi mmoja wa mlimani anamshukuru. Mwambieni Mungu amwekee watoto wake. Sisi tulijua tumesahauliwa, kumbe yupo mtu mmoja anatukumbuka."

Binti Koki alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mimi nasema zile ndizo zilikuwa dakika zake njema kuliko zote maishani, na sitaki kumnyima. Zilikuwa saba.

Kisha mama akasema, "Mbona yananguruma hivi? Bomba linatikisika." Akasema, "Yanarukaruka." Ukapita mlio mmoja mzito, wa mbali, kama mlango wa lori unaobamizwa, na vigelegele vikakatika vyote kwa pamoja. "Yamepungua," alisema mama. "Mwanangu, mbona yamepungua? Uko hapo? Yamekatika."

Binti Koki aliangalia skrini. Presha: tisa. Akapandisha macho kutoka kwenye mstari wa kwanza wa bluu, akavuka uongo wa herufi kubwa aliouandika kwa mkono wake, na juu ya uongo huo akauona, mweupe, umekaa peke yake, haukuguswa: pampu, presha nne, anza polepole. Minane. Mistari ilikuwa minane.

Bomba la mlimani lilitandazwa enzi za ujana wa baba yake. Lilikuwa la chuma, jembamba, limekauka miaka mitatu na kujaa upepo na kutu. Mzee alikuwa akilifungua robo mzunguko, anakaa chini, anavuta pumzi, anafungua robo nyingine. "Bomba lililolala njaa," alimwambia binti yake akiwa mdogo, "hulilishi kwa pupa." Binti alilijua hilo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika presha nne. Na asiniambie mtu kwamba alisahau kwa uzembe. Mkono ulisahau kwa sababu ulikatazwa kupita pale miaka mitatu, na ulipopita ulifuata alama ambayo uongo uliihamisha.

Bomba lilipasuka kwenye kona ya ngazi ya sitini na kitu, urefu wa mita tisa, na viungo vitatu juu yake vikafumuka. Maji yaliteremka ngazi zote, yakavuka barabara, yakaingia bustani za Mtaa Mpya.

Mhandisi Mkuu alirudi Ijumaa. Programu ile iliweka kumbukumbu ya kila kilichoendeshwa na saa yake, na Binti Koki aliikuta imechapwa mezani kwa Mhandisi. Aliingia akiwa amevaa gauni lake la heshima, kwa kuwa mtu akifukuzwa kazi afukuzwe akiwa msafi. Tena alikuwa anakutaka kufukuzwa huko.

"Funga mlango, dada yangu. Keti."

"Bosi, niliacha nje mstari wa presha. Kosa ni langu."

"Hilo usilirudie," alisema Mhandisi kwa upole. "Hata kwa utani." Akamsogezea karatasi. Ilikuwa taarifa, imeshagongwa muhuri: idara ilijitahidi kurejesha huduma ya Mlimani kwa majaribio, siku ya Alhamisi, saa nne na dakika thelathini na tatu, na bomba kutokana na uchakavu halikuhimili. Kwa hiyo Mlimani unaondolewa katika mgao mpaka hapo miundombinu mipya itakapopatikana. Chini kulikuwa na nafasi ya sahihi ya mwendesha mitambo.

"Miaka mitatu nilikuwa natafuta jinsi ya kuliandika jambo hili," alisema. "Uliniomba barua, unakumbuka? Hii hapa barua. Umetusaidia sana."

Angemtukana, ingekuwa nafuu. Angempiga kofi, ingekuwa nafuu. Binti Koki aliikodolea macho ile karatasi na hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba, kisha ikashuka. Akatia sahihi. Ndiyo, alitia. Nami nilitamani niandike vinginevyo.

"Na ile mistari saba ifute sasa," Mhandisi alimwambia mlangoni. "Faili lisiwe na takataka."

"Ni minane," alisema Binti Koki.

Jioni alipanda ngazi mia moja na tatu na madumu mawili. Kwenye kona bomba lilikuwa limetandaza midomo ya chuma, na watoto wa majirani walikuwa wanatia mawe ndani wasikie yanavyogonga. Mama alikuwa uani, kwenye kigoda, mkono kwenye plasta. Ndoo ilikuwa imejaa. Ameifunika kwa sinia, na juu ya sinia ameweka jiwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hayo usiyaguse," alisema mama, akiionyesha ndoo kwa kidevu. "Hayo ni ya baba yako. Mafundi wanakuja lini?"

Binti Koki alitua madumu.

"Hawaji, mama. Wametutoa."

"Basi huyo aliyetufungulia watakuwa wamemfukuza. Maskini. Mtu mwema hadumu pale."

"Hawajamfukuza. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye nafungua maji, mama. Mji mzima. Tangu baba astaafu. Nachagua mistari kwenye kompyuta, maji yanakwenda. Alhamisi nilichagua ya kwetu, nikaacha mmoja, bomba likapasuka."

Uso wa mama ulichanua. Alimwangalia binti yake kama vile ndiyo kwanza anatambulishwa, akanyoosha mkono wake mzima amshike. "Kumbe wewe! Kumbe kazi ya baba yako haikutoka ndani ya nyumba! Na mimi napiga simu, nawaambia..." Halafu mkono ukasimama njiani. Nimekwambia hakuwa mtu wa kudadisi, lakini mjinga hakuwa. "Na hiyo miaka mitatu," alisema, "alikuwa nani?"

Binti Koki aliyatazama madumu. Yote aliyokuwa nayo ya kujibu, ya bosi, ya barua iliyokataliwa, ya kwa sasa, aliyapima, akaona jinsi ambavyo yangekuwa madogo pale uani.

"Unanisikia ninavyopiga?"

"Nakusikia, mama. Ni chumba kimoja."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Mama aliuma mdomo, akainuka kwa kujikongoja, nyonga inamuuma na hakutaka kushikwa. "Baba yako alikuwa akifunga," alisema. "Wala usidhani alikuwa anafungua tu. Alifunga mno. Lakini alifunga mchana, na spana begani, anayetaka kumtukana amtukane." Akaenda mpaka kwenye bomba. Kwa mkono wa kushoto, ambao haukuzoea, akaanza kuikaza koki. Ilikuwa imeshika kutu kwa kukaa wazi muda mrefu. Binti alipiga hatua amsaidie.

"Acha. Wewe umeshafunga ya kutosha."

Akaikaza mwenyewe, robo kwa robo, mpaka ikagota. Kisha akaingia ndani.

Jumatatu Binti Koki alikuwa kazini saa kumi na moja alfajiri kama kawaida. Aliichagua ile mistari minane pamoja na kichwa chake, ikageuka bluu, na safari hii alibonyeza kitufe cha kufuta. Mtaa Mpya ukapakana na mtaa unaofuata. Hapakuwa na kitu cha kuruka tena.

Saa tatu ilifika. Simu haikuita. Saa tatu na robo Dada wa Simu aliinua mkono wa simu, akasikiliza kama mlio upo, akaurudisha.

"Bibi wetu leo kimya," alisema. "Sijui amekata tamaa, sijui anaumwa. Hata jina lake sijawahi kumuuliza."

Binti Koki aliendelea kuitazama skrini. "Ni mama yangu," alisema.

Alishika kipanya, akaweka mshale kwenye kichwa cha mtaa unaofuata, akahakikisha mstari wa presha umo, akaburuta mpaka mwisho.